Kishikwambi Kizito na Mlango wa Mzee Shaibu

Ipo siku moja, mwanangu Sakina, ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya. Jana ulinionyesha picha za vishikwambi viwili, kimoja chembamba na chepesi, kingine kipana chenye nguvu karibu ya kompyuta, ukaniuliza, "Shangazi, nichukue kipi?" Nikakwambia tuzungumze leo. Sikuwa nakukwepa. Nilitaka kwanza nikusimulie yaliyonipata mimi.

Wakati huo sijafika miaka thelathini na tano. Nilikuwa nachora ramani za nyumba katika chumba cha nyuma ya duka la babu yako, pale Usagara. Babu yako aliuza misumari, bawaba na rangi, na mafundi waliokuja kununua ndio walioniletea kazi. Siku moja akaja Mzee Shaibu, dereva wa lori aliyepooza miguu kwa ajali, akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu na mkewe Bi Mwanaidi. Walikuwa na kiwanja Makorora. Mzee hakutaka makuu. Aliniambia, "Binti yangu, mimi nataka jambo moja tu. Niingie bafuni kwangu bila kubebwa na mtu."

Nilimchorea kwa moyo wote. Mlango wa bafu nikauwekea sentimita tisini na tano ukutani, ili fremu ikishaingia abaki na nafasi ya kutosha ya magurudumu na mikono.

Siku hizo vishikwambi vilikuwa bado vigeni mjini kwetu. Nikanunua kimoja kikubwa kuliko vyote dukani. Na tuseme kweli, kilikuwa kizuri! Mchoro mzito kiliufungua ukiwa hujapepesa macho. Lakini kilikuwa kipana na kizito, hukishiki kwa mkono mmoja, na pale kwenye ujenzi kuna mawe, mbao na kamba kila mahali. Siku mbili tatu za kwanza nilikibeba kwa kujionyesha. Baadaye nikawa nakiacha kwa jirani wa Mzee Shaibu, juu ya kabati lake, naingia kwenye jengo mikono mitupu.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Bakari, Mbondei wa Muheza, mtu wa maneno machache. Asubuhi moja, akiwa ameshika futi ya kupimia, akaniuliza, "Binti, mlango wa bafu upana gani?"

Kishikwambi kiko kwa jirani. Jua kali, na mimi nimesimama upande wa pili wa tuta la kokoto. Nikajibu pale pale, kwa mazoea ya milango mingine ya bafu, "Sabini na tano."

"Una hakika?"

"Ndiyo, mzee. Nimeuchora mwenyewe."

Mwanangu, angalia jambo hilo. Yeye aliniuliza mara mbili, na mimi nikaona aibu kusema, "Ngoja nikatazame."

Ukuta ukapanda, linta ya zege juu ya mlango ikamwagwa, fremu ikaingia, plasta ikapigwa. Ndipo Mzee Shaibu akaja kuiona nyumba yake. Alikataa kusukumwa. Akazungusha magurudumu mwenyewe, akapita sebuleni, akafika mlango wa bafu. Kiti kikagonga fremu huku na huku. Akarudi nyuma, akajaribu tena. Safari hii vidole vyake vikachubuka.

Akageuka, akacheka kidogo. "Labda nimenenepa," akasema. Bi Mwanaidi hakucheka. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio wake, akatazama pembeni.

Nikakimbia kwa jirani, nikafungua mchoro. Tisini na tano. Nikarudi nikamwambia Mzee Shaibu mbele ya wote kwamba kosa ni langu, na kwamba mlango utabomolewa. Mzee Bakari alichukua nyundo na tindo bila kunigombeza. Hilo lilinichoma zaidi. Alipokwisha kung'oa fremu ndipo aliposema, "Binti, ile mashine yako ina akili nyingi, lakini leo nimeona kazi inafanywa na aliyekuwepo. Yenyewe haikuwepo."

Sasa sikiliza nilivyokosea mara ya pili. Kwa hasira nikakiuza kile kikubwa, nikanunua kidogo, chepesi, cha kuingia kwenye pochi. Nikatembea nacho kila mahali. Ikafika siku ya kumwaga mteremko wa mlango mkuu, ule wa kiti cha magurudumu. Zege limeshachanganywa, vijana wanne wamesimama na makoleo, Mzee Bakari anataka kujua mteremko uanzie wapi. Nikafungua mchoro kwa madaha. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka, kikazunguka. Nikazima, nikawasha. Bado.

"Vipi, binti?" akauliza Mzee Bakari.

"Kinafungua, mzee."

"Zege nalo linafunga."

Vijana wakaangua kicheko, nami nikacheka huku jasho linanitoka. Lakini safari hii sikubahatisha. Nikasema, "Mzee, sina hakika. Tusimwage." Akanitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaamuru zege lile likamwagwe kwenye sakafu ya baraza ya nyuma lisipotee bure. Mteremko tukaumwaga kesho yake, kwa vipimo nilivyoviandika kwenye karatasi.

Baada ya hapo nilikwenda dukani na kadi ya kuhifadhia faili, yenye mchoro wangu mzito kuliko yote. Nikamwambia muuzaji anipe kila kishikwambi cha bei ya kati alichonacho. Nilikishika kila kimoja nimesimama, kwa mkono mmoja, mpaka mkono uchoke, na nikafungua mchoro ule ule. Nilichochagua hakikuwa chepesi kuliko vyote wala chenye nguvu kuliko vyote. Nilikitumia miaka mingi. Na michoro nayo nikajifunza kuigawa, chumba na faili lake, ili isikielemee.

Mzee Shaibu alihamia kabla ya Ramadhani. Aliingia bafuni mwenyewe, akafunga mlango, tukamsikia anafungua maji. Bi Mwanaidi akanishika mkono.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unakwenda msitu wa Amani kuorodhesha miti. Utapanda vilima, utapigwa na mvua, mkono mmoja umeshika mti usiteleze. Usikichague kishikwambi ukiwa umekaa kwenye kochi langu. Funga begi lako kama siku ya kazi, koti la mvua na chupa ya maji ndani, uende nalo dukani. Kibebe. Kisha fungua ramani yako ya msitu na picha zako zote, uone kama kinakwenda au kinakusimamisha. Kikikushinda kubeba, utakiacha kambini; kikishindwa kazi, utabeba mzigo wa bure. Kitafute kile utakachokuwa nacho mkononi na kitakachokujibu unapokiuliza. Na hata ukikipata, siku usiyokuwa na hakika, usione haya kusema, "Ngoja nitazame." Kuna mtu usiyemwona ambaye atapita kwenye mlango uliompimia.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akulinde na utelezi wa njia, akupe macho ya kuona sawasawa na ulimi wa kusema kweli, na kazi ya mikono yako iwafae watu. Amin.