Nilivyofanywa Msahihishaji

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na watoto watatu na upara unaoanza. Nilisoma kwa sauti mpaka panya wa darini wakajua kujumlisha sehemu. Kwa hiyo kwenye kikao cha wazazi pale shule ya Kasense, mwalimu mkuu alipoona upimaji mpya wa darasa la nne umewachanganya watu, alininyooshea kidole mimi, muuza mbolea.

"Mwenzenu huyu atawaeleza. Mimi Kiswahili changu cha Mbeya kimechoka."

Ningekimbia, ila nilikuwa nimekaa kwenye dawati la watoto na magoti yamenasa chini ya meza yake. Wanaume wawili walinivuta kama ng'ombe aliyezama topeni. Nikatoka, dawati nalo likataka kuja.

Basi nikaeleza, tena kwa madaha, kama vile mtihani niliutunga mimi. Nikasema watoto wa nchi nzima wanapewa maswali yaleyale, siku ileile, na asiyefikia kiwango anarudia darasa. Baba mmoja mfugaji, aliyehamia na mifugo yake kutoka Usukumani, akauliza, "Sasa hizo karatasi anasahihisha nani?"

"Watu wasiomjua mtoto wako. Hata jina hawalioni, wanaona namba tu."

"Mbona wewe unayajua yote hayo? Sema tu ni wewe!"

Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, tena kuliko wote.

Asubuhi yake akaja dukani bibi mmoja jirani yangu. Alikuwa akimlea mjukuu wake wa darasa la nne, maana wazazi wake walikuwa Kipili, ziwani, wakivua dagaa. Wateja wamejaa, mimi niko nyuma ya kaunta. Bibi akapiga magoti mlangoni, akaanza kupiga makofi taratibu, yale ya Kifipa ya kumsalimia mtu wa heshima. Mimi ni wa umri wa kitindamimba wake!

"Shikamoo, bibi! Inuka, jamani, watu wanaona!"

"Waone. Mwalimu, niangalizie mtoto kwenye karatasi. Darasa la tatu alisharudia. Akirudishwa tena, shule ndiyo basi, ameshaniambia."

"Bibi, mimi si mwalimu. Nauza mbolea."

"Ndiyo," akasema kwa upole. "Wenye kazi hiyo hawajitangazi."

Niliapa kwa kila kitu kilichokuwa dukani. Kadiri nilivyokana, ndivyo alivyotikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu anayemsifu mwenzake kwa kutunza siri. Akaacha maharage, mfuko mzima, akaenda zake. Kuyarudisha ni kumtukana. Kuyala ni kukubali kwamba mimi ndiye msahihishaji. Nikamwambia mke wangu asiyaguse, nikamwita mjukuu aje kusoma kwetu kila jioni. Nilidhani hiyo ndiyo njia ya kutokea.

Mtoto alikuwa hodari, ila mtaratibu. Alisoma swali kama anayechambua mchele. Mtaani kote ikajulikana kwamba msahihishaji anamfundisha mtoto aliyemchagua, na wazazi wengine wakaanza kunisalimia kwa kuinama. Nikawa napita nyuma ya nyumba za watu kwenda dukani kwangu mwenyewe.

Matokeo yalitoka wakati wa mvua. Mtoto hakufikia kiwango.

Bibi alikuja na tope mpaka magotini, mjukuu nyuma yake. Safari hii hakupiga makofi.

"Mwanangu," akaniambia, "nilikukosea nini?"

Nikisema sikuweza kumwangalizia, ni uongo, maana karatasi zenyewe sikuziona. Nikisema mtoto ndiye aliyeshindwa, naye amesimama pale anasikia.

Mtoto ndiye aliyesema, kwa Kifipa, akimvuta bibi yake kitenge. Kwamba aliyoyafanya aliyajua. Kwamba kengele ililia kurasa mbili za mwisho hajazigusa. Kwamba mimi sikuwepo kwenye mtihani. Na kwamba anataka kurudia, mwaka huu ataandika haraka.

Bibi akanigeukia mimi. Uso ukamlainika.

"Kumbe hukuwepo! Ungesema tangu mwanzo, mwalimu. Basi mwaka huu usisafiri."