Jicho la Susu Halikupiga Kura

“Hiyo lenzi walinionyesha ikiwa safi kama maji. Sasa nani ameichafua, na iko ndani ya jicho langu?”

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu aliyeuliza alikuwa Susu, nyanya yangu, si mimi niliyezoea kuhoji kila mtu. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2008. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa vurugu za uchaguzi, nami nilikaa naye chumbani kwake Gatina, Kawangware.

Susu alitoka Machakos akiwa msichana, na alisuka viondo, vile vikapu vya nyuzi, hadi uzeeni. Macho yake yalikuwa na maradhi mawili: mtoto wa jicho, na presha ya macho, ile inayoua mshipa wa kuona polepole bila maumivu. Jicho la kushoto presha ilikuwa imelimaliza. Alibaki na la kulia tu. Kabla ya uchaguzi, daktari wa kliniki moja ndogo ya Kibera alilipasua, akatoa mtoto wa jicho na kuweka lenzi. Susu akaanza tena kuchagua rangi za nyuzi bila kuuliza mtu. Kisha ukungu ukarudi.

Mtaani jibu lilikuwa tayari. Daktari yule aliitwa Atieno, jina la kabila la upande wa pili wa uchaguzi, na siku zile jina peke yake lilikuwa mashtaka na hukumu. Mama Mutua, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu, alikuja kunywa chai na kutufungua akili.

“Susu, tulikuambia. Huyo ni wa upande ule. Amekuwekea kitu chafu.”

“Umekiona?” nikauliza.

“Wewe msichana, lisemwalo lipo.”

“Na nikisema hiyo chai yako ina panya, panya yupo?”

Susu alicheka. Mama Mutua aliweka kikombe chini, akasema kwamba anayedharau watu wake asije kuwalilia siku ya msiba.

Alipoondoka nikatafuta chupa ya matone ya presha ambayo Susu alipewa kliniki, nisiione. Akina mama walikuwa wamemwambia Susu aitupe: imetoka mkono uleule, na tena jicho si limeshapasuliwa, dawa ya nini? Naye, kwa kuwa aliona vizuri wakati huo, aliwasikiliza.

“Susu, walikutoa mtoto wa jicho. Presha haikutolewa.”

Akanyoosha miguu. “Basi nivalishe viatu.”

Tulingoja asubuhi iliyotulia, tukaenda kwa miguu. Karibu na Kibera vijana walikuwa wamepanga mawe barabarani.

“Mathe, mnaenda wapi?”

“Kwa daktari wa macho.”

“Nyinyi ni kabila gani?”

Susu aliinua uso, akamtafuta kijana yule ndani ya ukungu wake. “Mjukuu wangu, mimi hata wewe sikuoni. Jicho hili halikupiga kura. Nionyeshe pa kupita.”

“Huyu shosho ni noma,” mwenzake akasema, akiucheka ujasiri wa nyanya yangu. Akamshika mkono, akamvusha mawe.

Daktari Atieno alimwinamisha Susu kwenye mashine, akatazama kwa muda.

“Si uchafu, Susu. Kuna chembechembe zimetua juu ya lenzi, na zimetoka mwilini mwako. Lakini presha imepanda. Uliacha matone? Nani alikuambia?”

“Watu wenye macho mazuri.”

Mimi sikumwachia daktari. Kwa nini zitue kwake?

“Hutokea zaidi kwa wenye presha ya macho. Kwa nini hasa, sijui vizuri. Nikudanganye?”

Mwanangu, huyo ndiye mtu wa kwanza katika msimu ule wote kuniambia hajui. Mtaa mzima ulijua: nani aliiba kura, nani achomewe nyumba, nani ahame. Nikamwamini kwa neno hilo moja.

Susu alirudishiwa matone ya presha, akaongezewa mengine ya kutuliza jicho. Ukungu ulipungua. Kilicholiwa na presha hakikurudi, kwa hiyo akaanza kusuka kwa nyuzi nyeusi na nyeupe tu, alizoweza kuzitofautisha. Jumapili Mama Mutua alimuuliza mlangoni pa kanisa kama kweli alienda kule.

“Nilienda,” Susu akasema kwa sauti ya kusikika na wote, “na nitarudi.”

Basi nisikilize. Lisemwalo halipo mpaka lionekane. Methali nayo huulizwa. Dawa ambayo jirani hakukuandikia, usiiache kwa neno la jirani. Kupasuliwa mtoto wa jicho si kupona presha. Ukiambiwa fulani ni adui, uliza nani ameona nini, hata kama anayekuambia ni wa damu yako, na hasa kama ni wa damu yako. Watakuita mjuaji. Waache waite. Mungu akupe macho ya kuona, na shingo ngumu ya kukataa ambacho hakuna aliyekiona.

Jibu la swali la Susu nililipata yeye akiwa ameshazikwa Machakos. Kwa wenye presha ya macho, baada ya upasuaji, ukuta unaotenga damu na maji ya jicho mara nyingi huwa dhaifu zaidi. Seli za ulinzi wa mwili hupenya hapo, huikuta lenzi, huiona mgeni, huikalia juu hadi mwenye jicho haoni vizuri. Lenzi haikuwa na kosa. Walioichafua ni walinzi wa Susu mwenyewe.