Gauni la Kupigia Magoti

Enzi zetu sisi tuliozaliwa Uhuru ukiwa mlangoni, nguo mpya ilikuwa kitu cha kutisha. Wajukuu zangu hucheka nikisema hivyo, lakini wewe uliyekulia Muleba miaka ile unanielewa. Gauni lilishonwa Krismasi, likavaliwa kanisani, likavuliwa kabla hujatia hata tonge mdomoni. Utomvu wa mgomba ukikudondokea, doa halitoki mpaka nguo inageuka tambara, na mama alikuwa na fimbo ya mti wa kahawa nyuma ya mlango. Kwa hiyo tulikimbiza senene uwandani tukiwa na vigauni vilivyochoka, mgongo wazi, na tulikuwa na amani kabisa. Ukivaa kipya ulitembea kama mgonjwa.

Na aliyetisha kuliko nguo zenyewe ni mwanamke aliyezishona. Ma Adela wa Kitendaguro. Nikimtaja mbele ya wanawake wa rika langu, mpaka leo wanakaa sawa kwenye viti.

Alijifunza kushona kwa masista, lakini alichokuja kufanya baadaye hakuna sista aliyemfundisha. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye shingo ndefu, na hakuvaa kingine ila sketi nyeusi na blauzi nyeupe iliyofungwa kola mpaka juu. Kilemba chake alikifunga fundo upande wa kushoto, na haukupita muda Bukoba nzima ikawa inafunga fundo kushoto, Wakatoliki kwa Walutheri. Pini alizibana mdomoni, na alizungumza zikiwa hukohuko. Sisi watoto tuliamini akikasirika atazitema.

Ukiingia kwake alikuwa hakuamkii kwanza. Aliangalia ulichovaa. "Hii kakushonea nani?" Ukimtaja fundi, alitikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba umemwambia umefiwa. Watu wazima walibadilisha nguo njiani, kwenye migomba, kabla ya kufika mlangoni pake. Nimemwona mama yangu akifanya hivyo, mama yangu ambaye hakumwogopa hata paroko.

Basi kilichomfanya mwanamke huyu awe gumzo kuanzia Bukoba mpaka visiwani Goziba, ambako wavuvi waliwaagizia wake zao nguo zake kwa mtumbwi, ni mshono mmoja. Sisi Wahaya mwanamke anamwamkia mkubwa wake akiwa amepiga magoti. Ndivyo tulivyolelewa. Sasa, wasichana wa wakati ule walitaka gauni la kisasa, lililokaa mwilini, lililokomea gotini. Mama zao walitaka heshima. Ukipiga goti na gauni la namna hiyo, linapanda, na mzee unayemwamkia inabidi aangalie dari. Ma Adela akalimaliza hilo kwa marinda aliyoyaficha pembeni, yakiwa yamelala kimya; ukisimama huyaoni kabisa. Ukipiga goti yanafunguka yenyewe, kitambaa kinamwagika chini na kukufunika mpaka kwenye vidole vya miguu. Ukiinuka, yanarudi yanalala. Watu waliliita gauni la kupigia magoti. Kulijaribu kwake ilikuwa adhabu. "Piga goti. Inuka. Piga tena." Pindo likikosea hata kidogo, alifumua lote mbele yako na wewe ukibaki na shimizi.

Halafu ikaja miaka ile ya ujamaa, na mambo yakaharibika kwa wapenda nguo. Sisemi kwamba ujamaa wenyewe ulikuwa mbaya. Shuleni tuliimba, tulibeba majembe, tulilima shamba la shule na kula maharage yake, na ninayakumbuka kwa raha. Lakini wakatokea vijana waliojipa kazi ya kulinda utamaduni kwa mkasi. Sketi fupi, suruali ya kubana, wigi, vyote vilikuwa uhuni. Walisimama karibu na soko mjini Bukoba, na ukipita mbele yao walikupima kwa macho. Fupi ni ipi? Hakuna aliyejua. Siku wameamka vizuri, goti lilitosha. Siku wameamka vibaya, hata chini ya goti ilikuwa fupi.

Hofu ilitufikia mpaka Muleba kabla ya vijana wenyewe. Binti mmoja wa jirani alikwenda mjini na gauni zuri la bluu, akarudi kwao amejifunga gunia la kahawa kiunoni. Walikuwa wamemkatia gauni mbele ya watu, na watu wakacheka. Uchumba wake ulivunjika kabla ndizi zilizokatwa kwa ajili ya shughuli hazijaiva. Nilimwona akipita, uso umeinama, na gunia lile likinuka kahawa. Usingizi wangu uliharibika kuanzia hapo. Mimi ni mwoga tangu kuzaliwa, sifichi.

Na dada yangu Justa alikuwa ameposwa.

Mchumba wake alikuwa kijana mpole wa mjini, lakini baba yake alikuwa mzee wa kanisa wa Kilutheri, na sisi Wakatoliki wa kufa. Mzee yule alikuwa amekubali kwa shingo upande. Alituma ujumbe kwamba kabla ya yote amwone binti mwenyewe, aone heshima yake. Kila mtu nyumbani alielewa maana yake: alikuwa anatafuta sababu. Ikitokea aibu yoyote, hata ndogo, ameipata. Justa alimpenda kijana wake kiasi kwamba alikuwa haongei tena wakati wa kula.

Gauni lilikuwa limeshaagizwa kwa Ma Adela tangu mapema, la kitambaa cha rangi ya zambarau iliyoiva ambacho shangazi alikitoa Uganda. Mama akasema Justa avae gomesi, lile gauni refu la mpaka miguuni, yaishe. Baba akamuunga mkono: "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake." Justa akalia. Mwisho mama akaona njia ya katikati: tutachukua gauni Kitendaguro, Justa alivae hukohuko, kisha ajifunge kanga juu yake mpaka afike kwa mkwe. Mimi nikapewa kazi ya kubeba kanga. Ndani ya basi niliikumbatia njia nzima kana kwamba ni mtoto mchanga.

Gauni lilipovaliwa, hata mama alisahau habari ya gomesi. Justa alikuwa mzuri, lakini siku ile alikuwa kama ametoka kwenye ukoo mwingine, ukoo wa watu wasiojua shida. Alipiga goti, marinda yakafunguka, sakafu ikageuka zambarau. Akainuka, yakalala. Ma Adela alimzunguka, akatoa pini ya mwisho mdomoni, akaguna. Kwake kuguna ilikuwa ndiyo sifa.

Mama akanionyesha kwa jicho nilete kanga. Nikaitoa.

"Hiyo ya nini?" Ma Adela akauliza.

"Kwa ajili ya wale vijana, waitu," mama akasema kwa sauti ndogo, kwa lile neno letu la heshima. "Tupite tu sokoni, halafu ataivua."

"Sikushona gauni la kufunikwa. Lina ubaya gani? Kama mnaogopa, nitawasindikiza mimi mwenyewe, nione mkasi wa nani utagusa mshono wangu."

Nilimwangalia mama nikimwomba moyoni akatae. Hakukataa. Nani angemkatalia Ma Adela? Tukatoka, Ma Adela mbele, kilemba fundo kushoto, Justa katikati, mama na mimi nyuma, kanga imebaki juu ya cherehani.

Ile njia ya kushuka mjini siisahau. Jua lilikuwa limesimama, watu wanarudi kutoka sokoni na ndizi vichwani, na kila aliyetupita aligeuka kumtazama Justa. Wanawake walitabasamu. Mimi nilitafuta vijana tu. Kila kijana aliyeegemea ukuta nilimhesabu kuwa ni wao. Nilitaka kuomba tusimame, lakini nilimwogopa Ma Adela pia, kwa hiyo nikawa katikati ya hofu mbili.

Walitokea pembeni mwa soko. Hawakukimbia, hawakupiga kelele. Walikuja taratibu wakatuzunguka, na aliyekuwa mbele alikuwa kijana mnene kidogo, mwenye uso wa kitoto, ameshika mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa. Mkasi wa fundi ule. Sijui aliupata wapi.

"Dada, simama hapo."

Watu wakaanza kusogea. Nilisikia mmoja akicheka tayari, kabla hata hakijatokea cha kuchekwa.

"Gauni hili lina kosa gani?" Ma Adela akauliza. "Limefika gotini. Justa, piga goti waone."

Justa hakuweza. Alibaki amesimama, amemshika mama mkono. "Justa, piga goti," Ma Adela akarudia, na safari hii sauti yake ilipanda. Nilikuwa sijawahi kuisikia ikipanda. Kijana akasema wao hawapimi mtu akiwa chini, wanapima amesimama, na kwamba mama kama yeye angeona aibu kuwashonea watoto uhuni. Kisha akainama, akashika pindo, akafungua mkasi. Mama akafumba macho. Mimi moyoni nilimwona mzee wa kanisa nisiyemjua, nikaliona gunia la kahawa, nikaona dada yangu akirudi Muleba amejifunga hilo gunia maisha yake yote.

Hapo ndipo Ma Adela alipopiga magoti.

Alipiga magoti kwenye vumbi la barabara, mbele ya kijana anayetosha kuwa mtoto wake wa mwisho. Akakunja mikono, akainamisha kichwa, akamwamkia kwa Kihaya salamu ile ya heshima kubwa ambayo mke aliyeolewa jana humwamkia nayo baba mkwe. Aliisema yote, polepole, hakuruka neno.

Aliyekuwa anacheka aliziba mdomo kwa kiganja. Wewe msomaji kama si wa kwetu pengine huoni kitu hapo, lakini kwetu mama mtu mzima kumpigia goti mtoto ni jambo lisilosemwa. Anayepigiwa goti hilo hajui laana yake itamrudia wapi, kwake au kwa watoto wake ambao hajawazaa. Vijana wenzake wote walirudi nyuma, kila mmoja akijifanya alikuwa anapita tu. Yeye alibaki ameinama na pindo mkononi, uso wake na uso wa Ma Adela zimekaribiana, na nikaona jasho likimtoka puani.

"Mama, inuka," akasema. "Inuka, waitu. Usinifanyie hivyo."

"Nitainuka ukiliachia pindo la mwanangu."

Akaliachia. Mkasi ukamponyoka, ukaanguka, na hakuuokota. Aliondoka karibu anakimbia, na watu wakampisha kana kwamba ana ukoma.

Hakuna aliyeshangilia. Mama alimshika Ma Adela mkono ili ainuke, akainuka kwa shida, akaanza kutembea bila kujipangusa. Tulipopinda kona, alinitafuta kwa mkono bila kuniangalia, akanishika vidole. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, kuliko Justa, kuliko mimi. Ndipo nilipojua kwamba aliogopa tangu tulipotoka nyumbani kwake.

Kwa mzee wa kanisa, Justa alipiga goti vizuri sana. Marinda yalimwagika, mzee akachukua kibakuli cha kahawa ya kutafuna akampa kwa mkono wake. Tukajua posa imepita. Kisha akamgeukia Ma Adela, akaona sketi yake nyeusi imejaa vumbi magotini.

"Ma Adela, umeanguka?"

"Nimeanguka, waitu," akajibu.

Mzee yule alifariki bila kujua, na shemeji yangu hajui mpaka leo, labda akisoma hapa. Ma Adela aliendelea kushona miaka mingi, akavalisha maharusi, mabinti wa maharusi, hata mke wa mkuu mmoja aliyekuja kwa gari. Lakini gauni la kupigia magoti hakulishona tena. Ukimwomba, alisema marinda yanakula kitambaa. Siku hizi naona mafundi wa mjini wakiweka marinda yale pembeni ya magauni, wanayaita mtindo mpya.

Mabinti wa leo wanavaa watakavyo, na sitawadanganya, nawaonea wivu. Wanaagiza nguo kwa simu, inafika imepungua kitambaa, wanaivaa hivyohivyo, kisha wanashinda harusini wakivuta pindo chini kwa mikono miwili. Suruali wanainunua imeshachanwa magotini, sisi ambao kiraka kilikuwa aibu ya ukoo. Salamu yao ni "mambo" wakiwa wamesimama, macho kwenye simu. Hakuna wa kuwasubiri na mkasi pembeni mwa soko, na namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapowaona wakitoka mlangoni wakicheka.

Siku hizi wakichekwa, wanachekwa kwenye simu, na watu ambao hawatawaona maishani. Nimemwona mjukuu wa Justa akilia chumbani kwa sababu ya picha yake tu. Nilikaa naye kitandani, nikamshika mkono, nikawa natafuta ni nani wa kumwendea, ni mbele ya nani nipige magoti. Sikumpata.