Ufagio Mlangoni kwa Mzee Kettern

Mwaka juzi niliingia katika nyumba ya mtu nisiyemjua, nikaketi mezani kwake, nikanywa mvinyo wake, kisha nikamsengenya mwenyewe akinisikiliza.

Akili zangu zilikuwa timamu. Kosa ni la ufagio.

Kwetu bonde la Mosel, mkulima akiwa na mvinyo wake wa kuuza nyumbani hutundika ufagio mlangoni. Ukiuona, unaingia. Hupigi hodi.

Siku hiyo nilishuka mjini Trier kwa treni ya saa nane mchana, mkataba ukiwa mkobani. Nilimfuata mzee aitwaye Nikolaus Kettern. Shamba lake la mizabibu liko juu ya langu, kwenye mteremko ambao hata mbuzi angefikiria mara mbili. Tangu binamu yake aliyelilima afariki, hakuna aliyeligusa. Ukungu wake, ule ugonjwa wa majani, ulikuwa unashukia mizabibu yangu. Msimu mmoja zaidi, nami ningefunga virago.

Nilimwandikia barua kumi na moja nikiomba kulikodi.

Alijibu zote. Zote zilisema hapana.

Sura yake sikuijua. Alihamia mjini kabla sijazaliwa.

Nilikuwa nimewahi. Nyuma ya kanisa kuu nikaona ufagio. Muda wa glasi moja ulikuwepo. Nikaingia.

Sebuleni alikuwepo mzee mmoja tu. Akanimiminia bila kuuliza, akasogeza mkate na jibini.

"Unauonaje?"

"Unapitika," nikasema. Yaani unashuka kooni bila kukwama; kwetu hiyo ni sifa kubwa.

"Unapitika! Mgeni wa wiki iliyopita alitokwa machozi."

"Labda alikuwa na mafua."

Akacheka hadi glasi zikagongana.

"Umefuata nini mjini, binti?"

"Nimekuja kugombana na mzee mmoja king'ang'anizi."

"Amekukosea nini?"

Nikamwaga yote. Shamba, ukungu, barua.

"Amelikalia shamba kama kuku anayeatamia mawe," nikasema. "Kwenye barua ya mwisho ameniambia nirekebishe mwandiko kwanza."

"Huyo hana adabu."

"Hana kabisa!"

"Lakini pengine ana sura nzuri."

"Kwa roho ile? Sidhani, mzee wangu."

Akaniongezea mvinyo. Nilipotazama saa, nikashtuka.

"Samahani, nyumba ya huyo mzee, namba kumi na nne, iko upande gani?"

Akainuka taratibu, akafungua mlango, akanionyesha kibao ambacho ufagio ulikuwa umekifunika nusu.

Kumi na nne.

Jamani, niliishiwa pozi. Nikatafuta mkoba nikimbie.

"Kaa chini, Irmina Lehnert," akasema. "Hujamaliza kunisema."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu 'unapitika'. Katika barua uliandika neno hilohilo kuhusu mvinyo wa binamu yangu."

Nikaomba radhi mara tatu. Nikataka kulipa, akakataa.

"Mimi siuzi. Hata kibali sina. Mvinyo wenyewe nanunua dukani."

"Sasa ufagio wa nini?"

Akapangusa meza iliyokuwa safi tayari.

"Tangu mke wangu afariki, hakuna anayepiga hodi hapa. Nikakumbuka kwamba penye ufagio watu hawapigi hodi."

Nikakata kipande cha mkate, nikamsogezea. Kisha swali likanijia.

"Na mimi? Kwa nini hapana mara kumi na moja?"

"Ningesema ndiyo kwenye barua ya kwanza," akajibu, "ningepata barua ngapi?"

Nikatoa mkataba. Akausoma kwa makini, akanikejeli kwa kosa moja la tarehe, akaongeza sharti kwa mkono wake: mvinyo wa mteremko ule aletewe na Irmina mwenyewe, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Si kwa posta.

Kisha akatia saini.

Mwezi wa tano mwaka huu nilimpelekea chupa ya kwanza. Akaonja, akafumba macho. Nikasubiri.

"Unapitika," akasema.

Ndugu msomaji, mtu akikukataa mara nyingi lakini kila mara akakujibu, zisome tena barua zake. Anayetaka uondoke hanunui stempu.