Jicho la Kulia, Bega la Kushoto

Niligundua kwamba jicho langu la kulia limeharibika nikiwa kazini, saa nne ya asubuhi, jua limejaa dirishani. Siku hiyo sikumwambia mtu yeyote.

Mimi ni fundi wa silaha. Kazi hii nimeifanya hapa Maskati tangu ujana wangu, katika kikosi kimoja cha walinzi, na karakana yetu iko upande wa Rusayl, nyuma ya maghala. Nafungua bunduki, nasafisha, natengeneza, kisha najaribu. Bunduki ikishatoka mkononi mwangu mlinzi huichukua bila kuuliza. Na sifa yangu kubwa, nasema bila haya, ilikuwa jicho. Nikipiga risasi tano kwenye karatasi ya shabaha, matundu yote matano uliweza kuyafunika kwa finjani ya kahawa.

Mwaka huo kikosi kilitaka kubadilisha bunduki za walinzi wanaopanda magari. Zile za zamani zilikuwa ndefu, na mtu akishuka kwa haraka mtutu ulikuwa ukigonga mlango. Zikaletwa bunduki za majaribio za aina nyingine, fupi, ambazo magazini, yaani kikasha cha risasi, na chemba ya risasi vimerudishwa nyuma ya kifyatulio, ndani ya kitako. Mtutu unabaki na urefu wake, lakini bunduki nzima inapungua kama shibiri moja. Mkuu wetu akaniambia niandike ripoti: zinafaa au hazifai, na ikiwa zinafaa, zifungwe kilengeo gani juu yake, yaani kifaa cha kulengea.

Vilengeo vilikuwa vitatu. Kimoja cha chuma kitupu, kama tulivyozoea. Cha pili kioo kidogo chenye nukta nyekundu inayowaka ndani yake, ambayo unaiweka juu ya shabaha huku macho yote mawili yakiwa wazi. Cha tatu darubini fupi inayokuza kidogo. Nikaanza na hicho cha nukta. Nikakifunga mezani, nikakiwasha, nikachungulia.

Sikuona nukta. Niliona kitu kama tone la damu lililoburutwa kwa kidole, na pembeni yake vitone vingine vidogo, vimeshikana. Nikafuta kioo. Nikapunguza mwanga. Vile vile. Nikasema hiki kibovu, nikamwita Mkenya.

Huyo alikuwa ametumwa na kampuni iliyoleta bunduki, atufundishe kuzitumia. Alikuwa askari wa zamani wa kwao, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, asiyepandisha sauti. Ijumaa, siku ya mapumziko huku kwetu, alikwenda kanisani, siku nyingine zote alikuwa nasi karakana tangu asubuhi. Akainama, akachungulia.

"Iko sawa kabisa, mzee," akasema. "Nukta ni moja, tena safi. Kwani wewe unaona aje?"

"Nnaiona hivyo hivyo," nikamjibu. "Nilitaka kuhakikisha tu."

Alipotoka nikafumba jicho la kulia, nikachungulia kwa la kushoto. Nukta moja, duara, ndogo kama ncha ya kalamu. Nikabadilisha: kulia, damu iliyoburutwa, kushoto, nukta. Nilirudia mara sijui ngapi, kama mtu anayetumaini kwamba safari hii mambo yatakuwa mengine. Nikakaa kwenye kiti.

Baba yangu alikuwa na sukari, na sukari ndiyo iliyomla macho. Miaka yake ya mwisho mama alikuwa akimshika mkono kutoka sebuleni mpaka msalani, akimwambia kwa Kiswahili chao cha Unguja, "Nnao mkono wako, nenda, hapana kitu mbele." Na mimi sukari ninayo, mwaka wa saba sasa. Nilipokaa pale kwenye kiti sikufikiri kuhusu kazi wala ripoti. Nilifikiri kuhusu ukuta wa ukumbi wa nyumba yetu, ulivyokuwa na alama nyeusi kwenye usawa wa mkono, pale baba alipokuwa akiupapasa.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa daktari kesho yake. Mimi niliogopa kwamba daktari atanambia, na akishanambia litakuwa kweli. Nikaamua kuficha. Kwa bunduki za zamani ilikuwa rahisi: niliziweka bega la kushoto, nikatumia jicho la kushoto, na aliyeuliza nilimwambia bega la kulia linauma. Kwa wiki kadhaa nilipiga hivyo na hapana aliyeshuku.

Lakini khofu haikutulia, ilinifuata kila mahali. Mtaani Wattaya, nilipopeleka gari kwenye duka la magari lifanyiwe matengenezo, nilikikwangua kioo cha upande wa kulia kwenye nguzo ya lango. Nguzo ilikuwa pana kama mtu, na imepakwa rangi ya manjano. Mke wangu alikuwa kando yangu.

"Hukuiona?" akauliza.

"Jua lilinipiga usoni."

Aligeuka akatazama nyuma. Jua lilikuwa mgongoni mwetu.

Ulipoingia mwezi wa nane tulijaribu vilengeo uani. Kutoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kuingia kwenye ule unyevu wa nje, vioo vyote viliota ukungu palepale, vikawa vyeupe kama maziwa. Mkenya akalalamika, walinzi wawili waliokuwa nasi wakacheka. Mimi nilifurahi, astaghfirullah. Kwa dakika kumi zile hapana aliyeona kitu, tukawa sawa sote. Kisha ukungu ukayeyuka, wenzangu wakaanza kuona, nami nikabaki palepale. Niliandika kwenye daftari langu kwamba vilengeo vya kioo vitolewe nje mapema kabla ya zamu, na kwamba kile cha chuma hakina taabu hiyo. Hayo yalikuwa kweli. Lakini mstari wa chini yake niliandika pia: "Nukta nyekundu haionekani vizuri." Huo ulikuwa uongo, na nilijua, kwa sababu walinzi ndio watakaokwenda barabarani na kile nitakachowachagulia mimi.

Siku ya uwanja wa shabaha ikafika. Uwanja uko nje ya mji, chini ya milima mikavu, changarawe tupu. Mkuu wetu alikuja mwenyewe. Mama yake alizaliwa Pemba, kwa hivyo mbele ya watu husema nami Kiarabu na tukiwa peke yetu Kiswahili. Siku hiyo alisema Kiarabu. Alitaka kuona fundi wake akipiga kwanza, kabla ya walinzi.

Sasa hapa ndipo pana shida, na mimi kama fundi niliijua kuliko yeyote aliyekuwapo. Bunduki fupi zile hurusha ganda la risasi upande wa kulia, na kwa kuwa chemba iko nyuma, tundu la kutolea ganda liko karibu na shavu. Ukiiweka bega la kulia ganda linakwenda zake mbali nawe. Ukiiweka bega la kushoto, tundu linakuelekea mdomoni. Ile hila yangu ya wiki zote zile ilikuwa haifai tena.

Nilisimama na bunduki mkononi. Nikaiweka bega la kulia, nikatazama. Karatasi ya shabaha ilikuwa doa, na juu yake doa jingine jekundu, ile nukta ya kilengeo. Nikijaribu hivi, nitakosa karatasi nzima mbele ya mkuu. Nikaihamisha bega la kushoto.

Mkenya alikuwa amesimama kulia kwangu, hatua chache. Akainua mkono.

"Mzee, hiyo si ya kupigia kushoto. Ganda litakupata usoni."

"Najua," nikamwambia. "Tuna walinzi wanne wanaotumia mkono wa kushoto. Lazima mtu ajaribu kwa ajili yao."

Uongo ulitoka mzuri hivyo, umevaa nguo za kazi. Mkuu akatikisa kichwa kukubali. Nikajiambia nitainamisha kichwa mbele kidogo, ganda litapita.

Nikapiga. Kitu kikanichoma kidevuni na moshi wa moto ukaniingia puani na machoni. Nikaruka. Mikono ikaenda kulia pamoja na bunduki, na kidole, kidole cha mtu aliyefundisha wengine miaka na miaka kukitoa kwenye kifyatulio, kilikuwa bado mle ndani. Ikalia ya pili.

Sikuona ilipokwenda. Nilisikia changarawe zikiruka. Nilipofungua macho, Mkenya alikuwa amesimama vilevile, mkono bado juu, na mbele ya viatu vyake, hatua tatu hivi, ardhi ilikuwa imechimbika na vumbi linapanda. Suruali yake ilikuwa imetapakaa vijiwe. Alitazama chini, akanitazama mimi. Hakukimbia. Alikuja taratibu kwa nyuma yangu, akaushika mtutu akauelekeza kwenye ukuta wa mchanga, akafunga usalama, akaitoa magazini.

"Achilia, mzee," akasema. "Achilia sasa."

Vidole vyangu vilikataa. Alivibandua kimoja kimoja.

Mkuu alikuwa amebadilika rangi. "Khalas, basi," akasema. "Bunduki hii haifai. Wewe umepiga bunduki miaka yote, na hii imekufanya hivi. Andika hivyo, tuzirudishe."

Nikatikisa kichwa kukubali. Ndiyo, hata hapo nilitikisa kichwa. Damu inanichirizika kidevuni, mtu nusura nimuue, na bado nilikuwa nikiona mlango umefunguka wa kutokea.

Tulirudi karakana, mimi na Mkenya, gari moja, yeye akiendesha. Tulipokaribia maghala akapunguza mwendo.

"Umekuwa ukifumba hilo la kulia tangu siku ya kwanza," akasema. "Nilikuona pale mezani. Nikadhani utaenda hospitali."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ni mzee wangu. Ningesemaje?" Akasimamisha gari kando ya njia. "Nina watoto wawili nyumbani, mzee. Sijali kama bunduki zitarudishwa. Lakini usishike tena kitu kama hicho na watu wakiwa karibu. Naomba tu hilo."

Ingekuwa afadhali anitukane.

Nilifika nyumbani jua halijazama. Mke wangu alinikalisha jikoni akaniosha kidevu. Ganda lilikuwa limekata kidogo na kuunguza zaidi.

"Na hii pia ni jua?" akauliza.

Nikamwambia yote: nukta, nguzo, bega, changarawe, watoto wa yule kijana. Nilipofika kwenye khabari ya baba aliweka pamba chini. Alikuwa amekasirika, nilimjua, lakini alisema maneno machache tu.

"Kesho nnakupeleka mimi. Kwanza kwa mkuu wako, halafu kwa daktari. Gari huendeshi."

Ofisi ya mkuu iko Al Khuwair. Nilipanda ngazi kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu. Nikamkuta peke yake. Nikamwambia, "Sidi, bunduki haina kosa. Mimi ndiye sioni."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, "Umenificha kwa muda gani?"

"Tangu kabla ya mwezi wa nane."

"Na zile ulizotengeneza muda huo? Ulizitazama kwa jicho gani?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza mwenyewe. Niliweza kumjibu kwamba nilizitazama kwa la kushoto, lililo zima, lakini sikuweza kuapa kwa kila moja. Aliamuru zote zirudishwe zikaguliwe upya na fundi mwingine. Kibali changu cha uwanja wa shabaha alikichukua mkononi mwangu, akakitia kwenye droo.

Siku tatu za ukaguzi zilikuwa mbaya kuliko hata ile ya uwanjani. Kila simu ikilia nilidhani ni khabari ya mlinzi aliyeumia. Hapakuwa na aliyeumia. Moja tu ilikutwa kilengeo chake kimekaa vibaya, kimelegea skrubu, na hiyo yatosha kwangu kuikumbuka.

Daktari wa macho alinitia dawa, akasubiri, akanimulika kwa muda mrefu. Mke wangu alikaa nyuma yangu na nilisikia anavyosoma dua kwa sauti ya chini. "Mtoto wa jicho," daktari akasema mwisho. "Amekomaa, atatolewa. Huku nyuma ya jicho sukari imeanza kugusa kidogo, kwa hivyo itabidi uje kila baada ya miezi mitatu." Kidogo. Nilimuuliza mara mbili kidogo maana yake kiasi gani, na mara zote mbili alinijibu kwamba hawezi kuniahidi.

Nilipasuliwa. Baada ya bandeji kutolewa, rangi zilikuwa kali mpaka zikaniudhi.

Ripoti niliiandika upya kabla ya hapo, Mkenya akitazama kwenye vioo na mimi nikishika kalamu. Tuliandika kwamba bunduki fupi inafaa kwa walinzi wa magari. Kwamba kubadilisha magazini kunachelewesha kwa kuwa iko chini ya kwapa, na kifyatulio cha bunduki hiyo ni kizito kuvuta. Kwamba kilengeo cha nukta nyekundu ndicho bora kwa kazi ya karibu, na cha chuma kibaki chini yake kama akiba siku ya ukungu. Na kwamba wale wanne wa mkono wa kushoto waachiwe bunduki zao ndefu. Mkuu alikubali yote.

Kibali hakunirudishia, na sikukiomba. Siku hizi nakagua kwenye meza tu, na mwenzangu mmoja hukagua baada yangu. Mkenya alimaliza mkataba wake akarudi kwao. Siku ya kuondoka alikuja karakana kuaga, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza khabari ya jicho. Nikamwambia naona. Miezi mitatu ya daktari ikikaribia kwisha silali vizuri, mke wangu anajua, na asubuhi ya siku yenyewe huwa ameshawasha gari kabla sijavaa viatu.