Kitambaa Hakitoki Mpaka Sanduku Lilie

Euphrasie alikataa kufungua kitambaa. Alikaa katikati ya ukumbi wa parokia, kule Koekelberg, Brussels, mkoba juu ya mapaja, kitambaa cheusi kimekaza kichwani kama siku kilipofungwa. Mbele yake beseni la maji lilikuwa linangoja.

Kwao Fizi, mashariki ya Kongo, siku ya kuondoa matanga, dada mkubwa wa marehemu ndiye wa kwanza kuvua nyeusi. Akishatumbukiza kitambaa chake majini, wengine wanafuata, ndipo watu wanakula. Yeye asipovua, hakuna anayevua, na hakuna anayegusa sahani. Basi sombe, kisamvu cha kwao, ilikuwa imeiva tangu asubuhi, samaki wamekaangwa, wageni wametoka hata Liège, na ukumbi ulitakiwa kufungwa jioni hiyo hiyo.

Josias, mtoto wa marehemu, shemasi wa kanisa la uamsho, suti ya buluu na viatu vya kung'aa, akamwinamia sikioni.

"Shangazi, batu biko na njala."

"Bangoje. Sanduku ya baba yako iko wapi?"

"Iko mu motokari. Kesho naipeleka kule banatupaka bitu bya kuzeeka."

"Unaenda kutupa baba yako."

"Ile haiko baba, Shangazi. Ni mbao."

Mbao. Neno hilo lilimpanda Euphrasie kichwani kama pilipili.

Mbao zile marehemu Modeste, mdogo wake, aliziokota mwenyewe kando ya barabara, kabati la Wazungu waliokuwa wanahama. Akazipiga randa, akazigundisha, zikawa sanduku la kukalia na kupiga kwa viganja, halina ngozi wala kamba. Ndivyo alivyofundishwa. Mwaka wa sitini na tano wapiganaji wa Kuba walifika kule milimani, na mmoja wao, mtu mrefu, mweusi kama wao wenyewe, jioni alikuwa anakalia sanduku tupu la risasi na kulipiga, anaimba rumba ya kwao, wenzake wanamgongea vijiti. Modeste alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Mbuzi wakala mihogo ya watu, yeye kakodoa macho pale. Baba yao akamchapa mpaka fimbo ikavunjika. Kesho yake karudi palepale.

Ulaya nako hakuacha. Siku za kazi alisafisha maofisi, Jumapili alipiga katika mkahawa mmoja nyuma ya Chaussée d'Ixelles. Wakuba wanaoishi hapa Brussels walikuja kumsikiliza, wakamwita maestro, wakamwuliza alizaliwa mtaa gani wa Havana. Anawajibu, "Fizi." Wanadhani ni mtaa.

Lakini Euphrasie mwenyewe hakuwahi kuongoza wimbo mbele ya sanduku lile. Modeste alimkataza: mwanamke anaitikia, hatangulii. Hasira hiyo nayo alikuwa nayo bado kifuani, na kufa kwa mdogo wake hakukuipunguza.

Sasa mchungaji Ushindi wa kanisa la Josias akasimama, Biblia kwapani, sauti ya upole ya mtu anayemsemesha mgonjwa.

"Maman Euphrasie, turudi mu amani. Papa Modeste alishaacha bitu bya dunia. Ku kitanda ya hôpital alitubu. Ile sanduku ilikuwa inaita mizimu."

"Pasteur, ulikuwa pale?"

"Josias aliniambia."

"Josias, ulikuwa pale?"

Josias akaangalia viatu vyake. "Nilikuwa ku kazi, Shangazi."

"Alors, miye ndo nilikuwa pale. Sauti ilishaisha, vidole bado. Alikuwa anapiga ku chuma ya kitanda mpaka infirmière akakuja kuuliza kama anataka maji. Ndo ile toba yake. Mutu asiniletee ingine."

Kisha Jef, mzee Mbelgiji aliyekuwa padri Uvira zamani, na aliyemgongea Modeste vijiti miaka yote ile, akaingiza mkono katika koti.

"Miye bijiti byangu biko hapa," akasema.

"Papa Jef," mama mmoja akamtania kutoka jikoni, "na we upadri uliacha juu ya rumba?"

"Niliacha juu ya mwanamuke. Rumba ilikuya kisha."

Wakacheka, na kicheko kikaamsha njaa. "Josias, leta ile kitu, sombe inapoa," yule mama akasema, na wengine wakaguna kumuunga mkono. Josias akamtazama mchungaji, mchungaji akatazama dirishani. Josias akatoka, akarudi amekumbatia sanduku, amegeuza uso pembeni kama mtu aliyebeba takataka.

"Bon. Nani atapiga?" akauliza.

"We."

"Shangazi, miye niliokoka."

"Baba yako alikufundisha mbele ya kujua kusoma. Ile mikono haikuokoka. Kaa chini."

Akakaa. Jef akaanza vijiti. Josias akapiga, na ilikuwa aibu: kama mtu anayebisha hodi huku anaomba asifunguliwe.

"Mubaya," Euphrasie akasema. "Anza tena."

Akaanza tena. Akalegeza tai. Jasho likamtoka. Halafu mkono wa kushoto ukachelewa kidogo, ukachelewa kwa makusudi, vile Modeste alivyokuwa anauchelewesha, na ubao wa kabati ukalia. Mchungaji Ushindi akachukua koti lake, akatoka nje.

Wanawake walikuwa wanangoja sauti ya kuitikia. Hakukuwa na mwanaume wa kutangulia. Euphrasie akainuka, akaweka mkoba kwenye kiti, akatangulia yeye. Kihispania hakijui, akaimba kwa Kiswahili cha kwao:

"Modeste, ulinikataza. Kuya unikataze leo."

Wanawake wakaitikia, "Kuya unikataze." Akarudia kwa nguvu zaidi, hana machozi, shingo imesimama mishipa. Josias alikuwa analia, lakini mikono haikusimama.

Wimbo ulipoisha Euphrasie akafungua fundo, akatumbukiza kitambaa majini, akakikandamiza chini kwa ngumi.

"Hii sanduku inalala kwangu," akamwambia Josias. "Kila Jumapili utakuya Ganshoren kuipiga, na leo utanibebea yenyewe ku mikono mpaka ku bus. Sasa mukule."