Miti ya Mpaka ya Ngezi

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu isiyonitoka kichwani, na kila nikisikia kijana amepata kazi ya kuchimba penye mashamba ya watu, inanirudia yote. Ilikuwa hapa hapa Bunia, miaka ya sabini ikielekea kwisha. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa na haraka, na nilidhani mtu mzima ni yule asiyeulizwa swali.

Tulikuwa tunachimba mtaro wa mabomba ya maji kupitia Ngezi, wakati ule ambapo Ngezi ilikuwa na mashamba mengi kuliko nyumba. Bwana wa kazi alikuwa ametia sahihi kontra, yaani mkataba, na kapita wetu aliyetusimamia, Anselme, alitusomea kipande chake kabla hatujashika majembe: kila mmea tutakaong'oa tutaurudisha mahali pake, kisha tutautunza mpaka ushike mizizi. Migomba, kahawa, nyua za nyumba, vyote. Tuliitikia kwa pamoja. Kuitikia hakuchoshi mgongo.

Sasa, kati ya shamba la Mama Veronika, mjane, na shamba la jirani yake Mzee Gaspard, palikuwa na miti ya mpaka. Wewe umekulia mjini, labda huijui heshima yake. Miti ile hupandwa mbele ya wenye mashamba wote wawili, na kila mmoja hukanyaga udongo wa shina kwa mguu wake. Baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuigusa peke yake, hata kwa kuinyoosha tu. Safu ile ilikuwa imepinda, ikizunguka kichuguu kikubwa na kukiacha upande wa mjane. Udongo wa kichuguu ni mnono, wajua, na pale Mama Veronika alilima maharage. Hapakuwa pakubwa, lakini ndipo chakula cha watoto wake kilipotoka.

Mtaro ulikata hapo. Tukasawazisha kichuguu, na ile miti niliing'oa mimi kwa mikono yangu. Tulipomaliza kufukia mabomba, Anselme alifunga kamba toka mwanzo hadi mwisho, akatuambia tupande kwa kufuata kamba, ili bwana wa kazi akija kukagua aone mstari mzuri. Anselme hakuwa mtu mbaya. Kazi nyingine ya Irumu ilikuwa inamngoja na wakubwa walimsukuma. Mzee Gaspard alikuwa mgonjwa ndani, Mama Veronika alikuwa sokoni, nasi tukapanda bila mwenye shamba hata mmoja. Nilijua safu ilikuwa imepinda, na kwamba kamba ile iliyonyooka ilipapeleka mahali pa kichuguu upande wa Mzee Gaspard. Nilinyamaza.

Tulikuwa tunafungasha vifaa vyetu tuondoke, wakati Dezire, kijana wa Mzee Gaspard, alipokuja na jembe akalima hadi kwenye miti tuliyoipanda upya. Yeye aliona mpaka, akalima hadi mpaka. Mama Veronika akatokea, akatua kikapu chake, akaketi katikati ya udongo uliolimwa. Haukupita muda, shemeji zake wakafika na mapanga. Binamu za Dezire nao wakaja na ya kwao. Hakuna aliyepiga kelele, na hicho ndicho kilichonitia hofu.

"Toka hapa, Mama," Dezire alisema. "Mupaka iko pale. Angalia mwenyewe."

"Bwana yangu alipanda ile miti na baba yako," alijibu bila kuinua macho. "Haikukuwa pale. Siye tutakula nini?"

"Uliza hawa. Hawa njo walipanda."

Macho yote yakatugeukia sisi tuliopanda. Anselme akaninong'oneza, "Sema haukumbuke. Wakianza maneno, hatutatoka hapa."

Niliogopa, mwanangu. Niliwaogopa wenye mapanga, na Anselme nilimwogopa zaidi, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa mikononi mwake. Nilikimbia hadi nyumbani kwa Mzee Gaspard, nikamkuta amelala kando ya moto, nikamweleza yote bila kuficha.

"Weye njo uling'oa?"

"Ndiyo, muzee."

"Na ulijua mahali ilikuwa?"

"Nilijua."

"Sasa unakuja kuita mugonjwa ya nini? Miye siwezi kugusa muti ya mupaka peke yangu. Mama Veronika naye hawezi. Weye uling'oa, weye utarudisha. Nisimamishe, twende."

Maneno yale yaliniuma kuliko kofi. Alikuja ameniegemea, mwepesi, anatetemeka kwa homa, na watu wakampisha. Hakumtazama mwanawe. Aliniambia tu nichimbe. Nikachimba nilipodhani mti wa kwanza ulisimama, nikakuta udongo mtupu. Shemeji mmoja wa Mama Veronika akahamisha panga toka mkono mmoja kwenda mwingine. Nikasogea kidogo, nikachimba tena huku jasho likiniingia machoni, na jembe likagonga mzizi. Ulikuwa mbichi bado, umekatika pale nilipoukata mwenyewe. Nikapata wa pili, na wa tatu, na kila mmoja aliyekuwa pale akaiona safu ikipinda.

"Mizizi iko hapa," Mzee Gaspard alimwambia Dezire. "Kamata Mama mukono, umuinue."

Dezire alikaza mkono kwenye mpini wa jembe, nikadhani hatatii. Kisha akaweka jembe chini, akainama, akamwinua Mama Veronika.

Tulihamisha miti yote siku ile ile. Mama Veronika alikanyaga, na Mzee Gaspard alikanyaga huku nimemshika kiuno. Anselme akasema basi, sasa imekwisha. Mzee akamuuliza kontra inasema nini, naye akajibu kwa sauti ndogo kwamba inasema tutunze mpaka miti ishike. Ndivyo nilivyoachwa Ngezi kuchota maji na kufukuza mbuzi, wenzangu wakienda Irumu. Mzee Gaspard alifariki kabla ya mvua kurudi. Baada ya maziko, Dezire alikuja na ndoo, hakunisalimu hata, akaanza kumwagilia miti, upande wake na upande wa Mama Veronika.

Basi sikia, mwanangu. Ukitia sahihi kwamba utarudisha ulichong'oa, umeahidi mahali pake halisi, na umeahidi kubaki mpaka kiote. Mwite mwenye shamba kabla hujagusa, na umwite tena unaporudisha. Ukiona kazi imepinda, sema wakati bado ni kazi ya jembe, kabla haijawa ya panga. Mkubwa wako akikuambia unyamaze, mheshimu, lakini usinyamaze.

Mungu akulinde na haraka yako mwenyewe. Akupe kazi ambayo hutaogopa kupita mbele yake ukiwa mzee, na wenye mashamba uliyoyachimba wakuite ndani, wakupe kiti, wakupe chakula cha shamba lile.